Kipya Kinyemi: Mpenzi wa Queen na Nyimbo za Baada ya Freddie

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Aghalabu methali hiyo hutumika kumsuta anayekimbilia kila kigeni akakisahau alichonacho. Walakini wapo watu ambao methali hii huwageukia kinyume: kipya kwao huanza kwa kuuma, na unyemi wake, kama upo, huja baada ya miaka. Ndiyo hali ya mtu aliyeipenda bendi moja tangu utotoni, akakua nayo, akazeeka nayo, kisha bendi ikaendelea kutoa nyimbo baada ya ile sauti aliyoipenda kunyamaza. Nyimbo hizo anazinunua na anazisikiliza. Hawezi kuzitukana, wala hawezi kuzikumbatia.

Mmoja wa watu hao ni Mzanzibari aishiye London, fundi wa umeme aliyestaafu, na bendi yake ni Queen. Alizaliwa Unguja mwaka 1960, akapelekwa Uingereza angali mvulana wa miaka 14, akalelewa na ami yake. Ami alikuwa mtu wa tungo, mwenye madaftari ya mashairi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na jioni akizighani kwa sauti ya chini ili asiwaudhi majirani. Mwishoni mwa mwaka 1975 televisheni ya nyumba ile ilionyesha nyuso nne gizani zikiimba wimbo uitwao "Bohemian Rhapsody". Mvulana aliduwaa. Ami naye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la mtu ajuaye tungo: wimbo gani huu usio na kiitikio? Hakuwa amekosea. Wimbo ule hauna kiitikio, na hata hivyo ulikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki tisa.

Baadaye kijana alipata kujua kwamba yule mwimbaji, Freddie Mercury, jina lake la asili lilikuwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, ambaye wazazi wake walihamia Uingereza mwaka 1964. Kitovu chao wote wawili, basi, kilibaki kisiwa kimoja. Habari hiyo ilimfurahisha, lakini hakuifanya hoja. Alikwishapenda kabla ya kujua, na mapenzi yaliyotangulia nasaba hayahitaji nasaba iyasimamie.

Jambo analolisisitiza kila anapobishana na watu ni kwamba Queen haikuwa Freddie peke yake. Iliundwa London mwaka 1970, na mpiga besi John Deacon alipojiunga mwaka 1971 wanne wakatimia: Freddie, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa ngoma, na Deacon. Wote wanne walikuwa watunzi. "We Will Rock You" ya mwaka 1977 ni ya May; "Another One Bites the Dust" ya mwaka 1980 ni ya Deacon; "Radio Ga Ga" ya mwaka 1984 ni ya Taylor. Asiyelijua hilo hudhani kwamba waliobaki ni wapambe wa marehemu. Anayelijua hana budi kukiri kwamba nao ni wenye mali, na mwenye mali hakatazwi kuitumia. Hapo ndipo ugumu wake unapoanza, maana lau wangekuwa wapambe tu angewapuuza akapumzika.

Mabadiliko yenyewe hayakuwa mageni kwake. Katika miaka ya 1970 majalada ya santuri za Queen yalijivunia kuandika kwamba hapakutumika sinthesaiza ndani yake. Sauti zote zile za ajabu zilitokana na magitaa, piano na makoo ya watu. Mwaka 1980, katika albamu ya The Game, sinthesaiza ikaingia. Mwaka 1982 ikaja Hot Space, albamu ya midundo ya kuchezea dansi, na mashabiki wengi wa roki wakaghadhibika. Wako waliosema kwamba Queen imekufa. Yeye, akiwa na miaka 22, alinuna wiki kadhaa, kisha akaizoea. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi nyingine, lakini aliyekuwa akiita kutoka ndani alikuwa yuleyule. Hivyo hawezi kusema leo kwamba anachokichukia ni upya. Upya alikwishaumeza mara nyingi.

Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45, siku moja baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba alikuwa na UKIMWI. Miaka mitatu baadaye mpenzi wetu alimzika mdogo wake, aliyekufa kwa maradhi hayohayo. Katika matanga yale hakuna aliyeyataja maradhi kwa jina. Ilisemwa kuwa ni homa, ikasemwa kuwa ni kifua, na aliyeuliza zaidi alitazamwa mpaka akanyamaza. Ilikuwa stara, na stara ina heshima yake. Lakini kaka mtu alibaki na neno lililomkaa kooni kwa miaka mingi.

Mwaka 1995, tarehe 6 Novemba, ikatoka Made in Heaven. Wale watatu walikuwa wamezichukua sauti alizoziacha Freddie, nyingine za miezi yake ya mwisho katika studio ya Montreux, Uswisi, nyingine za miaka ya nyuma, wakazitengenezea muziki wa chini. Katika albamu hiyo umo wimbo uitwao "Mother Love". Freddie aliuimba mwezi Mei 1991, akiwa dhaifu wa mwili, ila si wa sauti. Ilipobaki sehemu ya mwisho alisema amechoka, atarudi kuimalizia. Hakurudi. Wenzake walikuwa na njia mbili: kuukata wimbo pale ulipofika, au kumtafuta mtu wa kuiga sauti yake. Hawakufuata hata moja. Brian May akaiimba sehemu ile kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba na ya kawaida, isiyojaribu kufanana na iliyotangulia. Anayesikiliza hulijua hasa pahali ambapo mmoja ameshindwa na mwingine amepokea.

Wimbo huo mpenzi wetu aliupokea bila ya wasiwasi wowote. Ulikuwa mpya, ulikuwa na sauti nyingine mahali pa ile aliyoizoea, na bado ulikuwa wa Queen. Ilimchukua muda mrefu kujiuliza kwa nini.

Deacon aliagana na muziki baada ya wimbo mmoja wa mwaka 1997. Wakabaki wawili. Kuanzia mwaka 2005 walizunguka na Paul Rodgers, mwimbaji wa zamani wa Free na wa Bad Company, na mwezi Septemba 2008 ikatoka albamu yao, The Cosmos Rocks. Ilikuwa albamu ya kwanza ya studio ya nyimbo mpya kubeba jina la Queen bila ya sauti ya Freddie ndani yake. Jaladani palikuwa na alama ya kujumlisha: Queen + Paul Rodgers.

Aliinunua siku ya kwanza. Kilichomwingia kabla ya chochote kilikuwa gitaa, lile ambalo May alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963, sehemu ya mbao zake zikitoka katika meko ya zamani. Gitaa lile halina mfano, na aliyelisikia tangu utotoni hulitambua kama anavyotambua kikohozi cha mzee wake nje ya mlango. Alifurahi mpaka macho yakamlenga machozi. Kisha Rodgers akaanza kuimba, na furaha ikasimama palepale, haikuendelea wala haikurudi nyuma.

Tatizo halikuwa Rodgers. Ni mwimbaji mzuri, mwenye sauti nzito ya bluzi, asiyejitwisha visivyo vyake. Hakumuiga Freddie hata mara moja, na kwa hilo mpenzi wetu humheshimu. Tatizo lilikuwa katika ujenzi wa nyimbo. Queen ya zamani ilijenga wimbo kama jumba la Mji Mkongwe: unaingia kwa mlango mmoja, unapanda ngazi usiyoitarajia, unatokea kwenye roshani ambayo hukuiona ulipokuwa barabarani. Nyimbo nyingi za albamu ile zilikuwa chumba kimoja kikubwa, kisafi, chenye mwanga wa kutosha. Hakuna aibu kuwa na chumba kama hicho. Ila aliyezoea roshani huitafuta ngazi, na asipoiona huanza kumlaumu mwenyeji.

Wimbo mmoja ulimvunja lawama. Unaitwa "Say It's Not True". Roger Taylor aliutunga kwa ajili ya 46664, kampeni ya Nelson Mandela ya kupambana na UKIMWI, iliyopewa namba aliyokuwa nayo Mandela gerezani. Ni wimbo wa mtu aliyepewa habari za ugonjwa wake. Taylor anaanza kuuimba, May anapokea, Rodgers anamalizia, watu watatu wakipokezana neno ambalo hakuna anayetaka kulishika peke yake. Alipousikia alimkumbuka mdogo wake, na akakumbuka pia kwamba Mandela, mwanawe alipofariki mwezi Januari 2005, alijitokeza hadharani akataja UKIMWI kuwa ndio sababu. Kwa hiyo albamu aliyokuwa tayari kuitupa ilikuwa na wimbo ambao asingependa kuukosa. Tangu siku hiyo hakuweza kuwa upande mmoja.

Rafiki zake waliisuluhisha kesi haraka. Wengine walisema: Freddie amekufa, Queen imekufa, yaliyobaki ni biashara. Wengine wakasema: jina ni la wenyewe, wafanye watakalo. Yeye alikumbuka mambo ya kwao. Ikhwani Safaa iliasisiwa Unguja mwaka 1905, na mwaka 2005 ilitimiza miaka mia. Waasisi wake wote walikwisha kwenda mbele ya haki. Wapiga udi, fidla na ganuni wamebadilika vizazi kwa vizazi, na hakuna Mzanzibari aliyesimama akasema kwamba hiyo si Ikhwani Safaa tena. Klabu ya taarabu ni nyumba ya waqfu: anayeingia huikuta, anayetoka huiacha. Bendi ya roki ni mithili ya ndoa. Jina lake limefungwa kwa watu maalumu, na mmoja akiondoka waliobaki huulizwa wameoa nani. Desturi zote mbili zina haki zake. Kosa ni kuihukumu moja kwa sheria ya nyingine, na pengine Queen, baada ya mwaka 1991, ilikuwa ikijaribu kuhama kutoka ndoa kwenda waqfu bila ya kuwa na neno la kuliita jambo hilo.

Hata hivyo waqfu peke yake hautoshi kueleza. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo za Siti binti Saad miaka mingi baada ya Siti kufariki mwaka 1950. Aliziimba kwa koo lake, koo la moshi na ngoma, na hakuna msikilizaji aliyedanganyika kuwa anamsikia Siti. Nyimbo zilikuwa za mmoja, sauti ya mwingine, na mapenzi ya watu yaliwatosha wote wawili.

Jibu alilolihitaji lilikuwamo katika madaftari ya ami yake. Washairi wa pwani wana bahari iitwayo takhmisi. Mshairi wa baadaye huichukua tungo ya aliyemtangulia, na kila mishororo miwili ya asili huitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Mashuhuri zaidi ni Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambaye alizijaza beti za Fumo Liyongo karne nyingi baada ya Liyongo. Vina huoana na mizani hulingana, lakini ajuaye takhmisi hujua daima mishororo ipi ni ya marehemu na ipi ni ya aliye hai. Mshono hauonekani kuwa ila. Ndio adabu yenyewe ya sanaa ile. Mshairi anayeongeza na kuuficha mshono hatungi takhmisi, ameghushi.

Kwa kipimo hicho mpenzi wetu alianza kuzipanga upya hisia zake. "Mother Love" ni takhmisi. "Say It's Not True" ina watu watatu, kila mmoja kwa jina lake. Hata ile alama ya kujumlisha ya mwaka 2008, ambayo mwanzoni aliiona kuwa ujanja wa mfanyabiashara, alikuja kuiona kuwa mshono: huku ni sisi, huku ni huyu. Haikuzifanya nyimbo zile ziwe nzuri zaidi. Kukosa udanganyifu si kuwa na uzuri, na mshairi anaweza kutunga takhmisi ya adabu kamili ikawa baridi. Ila iliyatenganisha mambo mawili aliyokuwa ameyachanganya: kutowapenda na kutowaamini.

Mwezi Juni 2022 bintiye alimnunulia tikiti. Queen ilikuwa ikipiga katika ukumbi wa O2, London, na mwimbaji Adam Lambert, Mmarekani aliyezunguka nao tangu mwaka 2012. Katika muongo huo wa kwanza wa kuwa pamoja hawakutoa albamu mpya ya studio. Waliziimba zile za zamani. Baba alisita. Kwa binti, Queen ilikuwa ni hiyo: filamu ya mwaka 2018, na huyo kijana wa mavazi ya kumeremeta. "Baba," alimwambia, "wewe unakwenda kumsikiliza asiyekuwepo. Mimi nakwenda kuwasikiliza waliopo." Mzee hakuwa na jawabu, akavaa koti.

Aliyoyaona hayakumponya, wala hayakumchukiza. Lambert aliwakumbusha watu wazi kwamba Freddie ni mmoja tu, kisha akaimba kwa sauti inayofika juu kusikofikwa na wengi. Kati ya onyesho, May aliketi peke yake na gitaa la kawaida akapiga "Love of My Life", ukumbi mzima ukiimba, na mwishoni Freddie akatokea katika kiwambo akamalizia. Binti aliimba kila neno. Baba aliimba mpaka pale picha ilipotokea, kisha akanyamaza, kwa kuwa hakuwa na hakika anaimba pamoja na nani.

Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo ukatoka "Face It Alone", wimbo ambao Freddie aliuimba mwaka 1988 wakati wa kutengeneza albamu ya The Miracle, ukaachwa. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa hauwezi kuokolewa, mpaka mafundi walipoviunganisha vipande vyake. Sauti ni ya Freddie bila shaka. Kwa mpenzi wetu ilipaswa kuwa siku ya sikukuu, nayo kwa nusu ilikuwa. Nusu ya pili ilimtia hofu. Wimbo huu haukuwa na sauti ngeni yoyote ndani yake, na bado alijiuliza ni nani aliyeamua kuwa umekamilika. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba 2023, The Beatles wakatoa "Now and Then", sauti ya John Lennon ikiwa imetolewa katika kaseti ya miaka ya 1970 kwa msaada wa kompyuta iliyofunzwa kutenga sauti na piano. Kule sauti ilisafishwa, haikubuniwa. Lakini leo mashine huweza pia kuibuni: huweza kumwimbisha marehemu wimbo ambao hakuuimba, kwa pumzi ambazo hakuzivuta. Hapo ndipo mzee huyu anapoweka mpaka wake. Anaweza kuishi na wimbo baridi wa watu walio hai. Hawezi kuishi na wimbo mtamu wa Freddie ambao Freddie haumo, maana ameshaona katika nyumba yao wenyewe kinachotokea pengo linapofunikwa na kila mtu akatakiwa aape kuwa hapana pengo.

Kwa hiyo hajatoa hukumu, na huenda asiitoe. The Cosmos Rocks huisikiliza mara moja kwa mwaka, si zaidi, na kila mara huipata nyimbo moja iliyo afadhali kuliko alivyoikumbuka. Bintiye, baada ya kuelezwa habari za takhmisi, aliomba kuyaona madaftari ya ami. Hajui kuzisoma hati zile, basi baba humsomea. Katika daftari la mwisho wamekuta takhmisi ambayo ami hakuimaliza: beti saba mbele zina mishororo miwili tu ya asili, na juu ya kila miwili ameacha nafasi ya mitatu. Mzee ameanza kuzijaza, polepole, ubeti mmoja kwa mwezi, na vina vyake havijawa vyepesi kama vya ami. Ami aliandika kwa wino mweusi. Yeye anaandika kwa penseli, ili atakayelifungua daftari baadaye ajue kuwa mkono umebadilika.